Kiti Kinamuumiza Mtoto, na Wageni Wanakuja Jumapili

Gikondo, 8 Septemba 1992

Mpendwa Mshauri,

Salamu za heshima, na naomba unisaidie upesi, kwa sababu tarehe 27 mwezi huu ni Jumapili na ikifika kabla hujanijibu mimi nimekwisha. Wewe kwa umri unaweza kuwa binti yangu, na mimi si mtu wa kuomba ushauri, watu ndio wanakuja kuniomba mimi, lakini jambo hili siwezi kulipeleka kwa Padri, wala kwa nyumbakumi wetu ambaye hana siri, na nimeliandika kwa Kiswahili nilichojifunza ujanani nikitengeneza makamyo kwenye njia ya Mombasa miaka kumi na moja, maana wenzangu wa kanisani wengi Kiswahili wanakisikia tu, kukisoma hawawezi. Shule nilifika darasa la tatu, kwa hiyo herufi zikipinda zinyooshe wewe.

Kwanza unijue. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Gikondo tangu kabla ya uhuru. Mageti ya nyumba nne za Kiyovu kwa matajiri ni mkono wangu, wenye nyumba wamebadilika mara tatu na mageti yako palepale, hakuna hata moja lililolegea. Mita mimi situmii. Jicho langu ndiyo mita, naangalia nafasi mara moja, nakata, kinaingia. Vijana wa siku hizi wanapima mara tatu na bado wanarudi kuongeza kipande.

Sasa sikiliza. Mwaka jana Padri Achille wa parokia yetu aliunda kikundi cha kutembelea familia zenye watoto walemavu, alisema watoto wale wamewekwa nyuma ya nyumba kama vitu vilivyovunjika, na ni kweli, basi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya misa tunakwenda watu kumi na wawili, siku nyingine kumi na watano, tunapeleka sukari, sabuni na unga wa uji, na mimi nikawekwa mkubwa wa kikundi, sikuomba, walinitazama tu wakaona. Nyumba tuliyopewa ni ya mama mmoja anaitwa Nyiraneza, mume wake anabeba magunia kwenye ghala la kahawa, na mtoto wao wa kwanza ni Alida, miguu yake haina nguvu tangu kuzaliwa na mgongo wake unalalia upande wa kushoto, lakini akili yake ni kali sana, ingawa kuna wajinga waliomwambia mama ampeleke hospitali ya Ndera kama mgonjwa wa kichwa. Alipozaliwa hakuna mtu aliyekwenda kumpelekea mzazi uji kama ilivyo desturi yetu, na siku ya nane ya kumpa mtoto jina, pale watoto wa majirani wanapokula pamoja na kila mmoja anataja jina lake alilolichagua, hakuna mtoto hata mmoja aliyetumwa, baba na mama walimpa jina wao wenyewe mlango umefungwa. Haya nilielezwa. Mimi sikujua, ingawa nakaa njia ya pili kutoka kwao.

Mara ya pili tulipokwenda, mtoto akaletwa mgongoni kwa mama yake kuja kutusalimia, na mimi nikasimama nikasema mbele ya watu wote, huyu nitamfanyia kiti cha magurudumu. Walipiga makofi mpaka nje wakasikia. Kiti nikakimaliza kwa siku nne. Magurudumu ni ya toroli, vyuma vya pembeni ni vya kitanda cha hospitali kilichouzwa mnadani, na ekseli, Mshauri, chuma kinachoshika magurudumu, ekseli ni ya mkokoteni wa Mbelgiji mmoja aliyeondoka akaniachia, imetengenezwa mwaka 1958, ina miaka thelathini na minne na haina kutu, chuma cha namna ile hakitoki tena kiwanda chochote, nilikuwa nimeiweka chini ya kitanda changu nikingoja kazi inayoistahili. Sikuikata hata upana wa kidole. Kiti nikakijenga juu ya ekseli.

Siku ya kukitoa Nyiraneza alisimama akasema mimi ni mtu aliyempa ng'ombe, na wewe unajua kwetu hakuna shukrani inayopita hiyo. Padri akapiga picha. Tangu siku ile kila Jumapili ya kwanza tunamkuta Alida kitini, amevaa gauni jeupe, mikono juu ya vyuma, ametulia kama mtoto wa komunyo, tunakunywa fanta, tunasema hotuba, ya mwisho nasema mimi. Picha ile Padri aliipeleka kwa wageni fulani wa Kiyovu wanaosaidia watoto, nao wakapenda sana, sasa wanakuja tarehe 27 kumwona Alida kwenye kiti, wakiridhika watataka viti kumi na viwili kwa watoto wa parokia nyingine, na mtengenezaji ni mimi. Mtaa mzima unajua. Vyuma vya viti sita nimekwisha kuvikata kwa kipimo kilekile.

Basi Jumatano iliyopita nilikuwa karibu na kwao nafunga komeo la jirani, nikasema nipite nimsalimie mtoto. Sikutuma habari kwamba nakuja. Mshauri, nilikuta kiti changu uani, kimefungwa madumu mawili ya maji kwa kamba, na nyuma yake kuku ametaga. Alida alikuwa barazani juu ya mkeka, amelalia ubavu wa kulia, anamenya maharage. Damu ilinipanda.

"Nyiraneza! Kiti cha mtoto kimekuwa punda wa maji?"

"Nisamehe, Muzehe. Bomba lilikauka, nilikwenda mara moja tu kule bondeni."

"Na kuku naye alikwenda mara moja tu?"

Nyiraneza akakimbia, akafungua kamba, akapangusa kiti kwa kanga yake, akamnyanyua Alida kumkalisha mbele yangu, na mtoto alipogusa kile chuma cha kushoto akauma bega la mama yake. Hakulia. Aliuma tu, na mama hakushtuka, kama mtu aliyezoea kuumwa pale pale. Nikasema hebu, huyu ana nini? Mama akasema hana kitu, ni baridi. Alida ndiye aliyesema.

"Mama, mwonyeshe."

Kwenye nyonga ya kushoto kuna kidonda, Mshauri, kikubwa kama kitako cha chupa ya fanta, katikati kimeingia ndani. Nikauliza ni cha lini, mama akasema kilianza wakati wa mvua, kikikaribia kupona Jumapili ya kwanza inafika.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Alida akasema, "Muzehe, usimgombeze. Kukaa naweza. Nahesabu hotuba. Zikiwa nne najua ya tano ni yako, ukimaliza mama ananitoa."

"Lakini kinakuuma!"

"Kinaniuma. Mkija mama anapata sukari." Akamenya haragwe moja. "Na anapata watu wa kuongea nao."

Mama akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia, "Muzehe, usimwambie Padri, nakuomba. Tangu nimzae huyu hakuna mtu aliyeingia mlango huu mpaka mlipokuja nyinyi. Mnakuja kwa sababu ya kiti. Kiti kikiondoka na nyinyi mtaondoka." Nikamwambia nimesikia. Nikaenda.

Na Jumapili juzi tulikwenda kama kawaida. Alida alikuwa kitini, gauni jeupe. Nilisema hotuba, fupi kuliko zote nilizowahi kusema, watu wakaniuliza kama naumwa. Yeye alikuwa ananitazama tu.

Sasa mimi nakuambia ukweli wa ufundi, kiti si kibaya. Nimekikagua, hakuna mahali kimepinda, unaweza kukipandisha gunia la saruji na kisilie. Shida ni mtoto anavyolalia upande, kama angekaa wima kile chuma kisingemfikia. Nilimwambia mke wangu Nyirahabimana hivyohivyo, na badala ya kunihurumia akacheka.

"Mwaka wa ishirini huu mlango wa jikoni uliotengeneza unakwaruza chini," akasema, "na kila mwaka unaniambia sakafu ndiyo imepanda."

"Sakafu imepanda kweli!"

"Sawa. Na nyonga ya mtoto nayo imepanda."

Tangu wakati huo simwambii kitu, na chakula hakipiti. Nimefikiria mambo matatu, wewe nichagulie. Tumfunge mtoto kitambaa kinene akae Jumapili ile moja tu, wageni wakiondoka nirekebishe taratibu bila mtu kujua. Au niseme Alida ana homa, wageni waone kiti bila mtoto. Au wewe uandike hapo gazetini kufundisha akina mama namna ya kukalisha watoto kwenye viti, bila kutaja mtu, Nyiraneza atasomewa na atajirekebisha. Nikisema ukweli viti kumi na viwili vimekwenda, watoto kumi na wawili watabaki kwenye mikeka, Padri ataaibika mbele ya wageni, kikundi kitavunjika, na yule mama atabaki na mlango wake. Nisiposema, mtoto atakaa. Mimi niliwahi kulala chini ya kamyo la petroli lililokuwa linavuja nikaziba tobo, wengine wote wamekimbia, sikutetemeka. Tarehe 27 naiogopa.

Usiandike jina langu, ingawa watu wa Gikondo watanijua kwa kazi yangu.

Mimi Fundi wa Mageti.


Mshauri anajibu:

Mzee wangu, Fundi wa Mageti,

Salamu zako nimezipokea, na majina yote niliyoyakuta katika barua nimeyabadilisha, hata la padri. Ukurasa huu unatoka Ijumaa tarehe 18. Una siku tisa, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka, na wewe utanisamehe kama binti anavyosamehewa.

Nianze na lako jema, maana unalo. Uliingia nyumba ambayo mtaa mzima uliipita. Wengine walipopiga makofi, wewe ulikata chuma. Na waliopiga makofi wote kumi na wanne hakuna aliyeniandikia. Umeniandikia wewe, ambaye chakula hakipiti. Hiyo njaa iache kwanza, inakufanyia kazi.

Sasa nikugombeze. Ulikiona kidonda Jumatano. Jumapili ukasimama ukahutubia, mtoto amekaa juu yake. Fupi au ndefu, Baba, ile ilikuwa hotuba ya tano, na Alida aliihesabu. Kila sukari iliyoingia nyumba ile mwaka huu, anayeilipia ni yeye, kwa nyonga. Anajua bei yake kuliko nyinyi mlioileta.

Unasema kiti si kibaya, mtoto ndiye analalia upande. Mgongo wake umelala kushoto tangu kuzaliwa, uliandika mwenyewe, na ulimwona kwa macho yako kabla hujawasha moto wa kuchomelea. Geti unalijenga kwa nafasi iliyopo; hujawahi kumwambia mwenye nyumba ya Kiyovu asogeze ukuta. Kwa nini kwa Alida ukuta ndio usogee? Nitakuambia kwa nini. Hukuikata ekseli. Upana wa kile kiti ni upana wa mkokoteni wa Mbelgiji, na mtoto amewekwa ndani yake kama mzigo mdogo kwenye mkokoteni mkubwa, anateleza mpaka anapokutana na chuma. Na vyuma vya viti sita umevikata kwa kipimo hichohicho. Hapo si kidonda kimoja tena, ni saba.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu, sikukipata. Umeniandikia umri wa ekseli, mwaka iliyotengenezwa, na kwamba haina kutu. Umri wa Alida hukuandika. Sidhani ulisahau. Nadhani hujauliza.

Mambo yako matatu yote nayakataa. Kitambaa kinene hakizuii chuma. Kidonda cha kukaliwa kinakwenda chini hata kama juu kimefunikwa, na kikifika mfupa kinaua. Homa ya uongo itakupa kiti kisicho na mtoto, na wageni watakisifu, na utarudi palepale. Na kuwafundisha akina mama hapa gazetini sitafanya. Nyiraneza hana kosa la kukalisha. Kosa lake ni kukuheshimu kupita kiasi, na hilo mlilitengeneza nyinyi, mlipoingia watu kumi na watano katika chumba kimoja, mkamngoja ashukuru.

Fanya hivi. Kesho asubuhi nunua sukari, nenda kwa Nyiraneza peke yako na mkeo. Nyirahabimana aende, ana macho. Sukari itolewe kabla hujafungua mdomo. Halafu useme mbele ya mama na mtoto: kiti hiki mimi nilikosea. Maneno hayo tu, bila sakafu wala Mbelgiji. Alida asikikalie hata dakika moja tena. Siku hiyohiyo mkeo na mama wampeleke dispensari, kidonda kioshwe na wafundishwe namna ya kumgeuzageuza mkekani ili kisikandamizwe. Baba yake akirudi kutoka ghalani naye aambiwe na wewe, si na mkewe.

Kiti kisukume wewe mwenyewe kukirudisha kwako, mchana, njia kubwa. Watu watakuuliza kinakwenda wapi. Waambie: kinamuumiza mtoto, nakwenda kukivunja. Ukishamwambia wa tatu, huyo Padri hutamwogopa tena, atakuwa amesikia. Hata hivyo nenda umwambie, kabla ya wageni, na umwombe yeye awaambie wageni ukweli. Watu wanaotaka kweli kusaidia watoto watafurahi kusikia kidonda kimeonekana kwenye kiti cha kwanza na si cha kumi na tatu. Wakikasirika wakaondoka, basi walikuja kwa ajili ya picha.

Kisha kaa. Nyumbani kwako, kaa katika kiti kile, egemea kushoto, mkeo awe shahidi, ukae muda wa hotuba tano. Mwanamume aliyelala chini ya kamyo la petroli ataweza. Ukiinuka utajua pa kukata. Ekseli ikatwe. Wapimwe Alida na wale watoto kumi na wawili, mmoja mmoja, kwa mita, na fundi mwenye haya ya kununua mita amtume mkewe. Kila mtoto aulizwe mwenyewe kinauma wapi, aulizwe wakati wageni hawapo.

Na kikundi chenu kiache kwenda kama harusi. Nendeni wawili wawili, siku za kazi, mkasaidie kuteka maji kule bondeni. Fanta na hotuba ziacheni kwenu. Nyiraneza aliogopa kwamba mnafuata kiti. Ameogopa kwa haki. Njia ya kumwondolea hofu hiyo ni moja: kiti hakipo, na nyinyi mmekuja. Leo, na juma lijalo, na mvua ikinyesha.

Kidonda kitachukua muda. Tarehe 27 itapita, Alida akiwa mkekani, amelalia ubavu wa kulia, na wewe uwe umekaa chini karibu naye, mnamenya maharage, wageni wawakute hivyo.

Nina moja la mwisho, na hili lifanye kesho, kabla ya kutoka kwao. Muulize ana miaka mingapi.

Wako,
Mama Uwamahoro